Mafuta ya Meli Bila Daftari

Buigiri iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, katika wilaya ya Chamwino. Ni nchi kavu ya mibuyu na miiba, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na mito yake huwa ya mchanga kwa miezi mingi kuliko iliyo ya maji. Si mahali ambapo mtu hutarajia kusikia habari za meli. Hata hivyo, atakayekaa kando ya barabara hiyo kwa muda ataona magari ya mafuta yakipanda kuelekea Singida, Shinyanga na Mwanza. Sehemu ya dizeli ipitayo katika njia hiyo huishia katika matangi ya vyombo vya Ziwa Victoria.

Nilipata kualikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari wa hapa juu ya uhandisi wa vyombo vya majini, ambao ndio niufundishao. Nilipomaliza, kijana mmoja alisimama, akanipa shikamoo kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, sisi wa Ugogo hata mtumbwi hatuna. Meli zinatuhusu nini?" Darasa lilicheka. Nilimjibu kwa maneno machache, nami nikaondoka nikijua kwamba sikumtosheleza. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa letu hununua nje dizeli yote linayoitumia, na kuilipia kwa fedha za kigeni. Dizeli hiyo ikisha kuingia katika tangi la meli, aghalabu huulizwa maswali mawili tu: Je, meli imefika? Na je, mafuta yamebaki kiasi gani? Swali la tatu, lililo kubwa kuliko yote mawili, haliulizwi: meli imetumia nguvu kiasi gani kufika, na kwa nini leo imetumia nyingi kuliko mwaka jana? Nashikilia kwamba mpaka tutakapoanza kuuliza swali hilo, na kuliandikia majibu kila siku, tutaendelea kuzirekebisha meli zetu kwa kubahatisha.

Si kosa dogo. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa chombo kimoja cha ziwani, ambacho sitakitaja wala kuwataja wenyewe. Fundi mkuu wa mitambo alinikaribisha chini kwenye injini, akanionyesha daftari lake. Lilikuwa na safu mbili tu: tarehe, na lita zilizopokewa. Aliniambia kwamba aliyemtangulia aliondolewa kazini kwa kushukiwa kuiba mafuta, kwa sababu matumizi yalikuwa yakipanda mwezi hata mwezi. "Nami naona yanazidi kupanda, mwalimu," akasema, "nami siibi." Sikuwa na la kumwambia. Katika daftari la namna ile mwizi na mwaminifu hufanana, na injini mbovu hufanana na meli iliyo chafu chini.

Vipimo vitatu

Safari ya nishati ndani ya meli ina vituo vitatu, na kila kituo chataka kipimo chake.

Kituo cha kwanza ni mafuta yaingiayo katika injini. Haya hupimwa kwa mita ya mtiririko, au kwa kupima kina cha mafuta katika tangi dogo la kila siku kabla na baada ya muda uliowekwa. Kituo cha pili ni mhimili, yaani ule mti mrefu wa chuma utokao kwenye injini na kuizungusha rafadha iliyo nyuma ya meli. Hapo hupimwa nguvu ambayo injini imetoa kweli kweli. Kituo cha tatu ni mwendo wa meli ndani ya maji, ambao ndio tunda la kazi yote.

Wengi wanavijua kituo cha kwanza na cha tatu. Cha pili ndicho kisichojulikana sana, nacho ndicho chenye siri. Mhimili wa meli, ijapokuwa ni chuma kinene, husokoteka kidogo unapozungushwa kwa nguvu. Tuchukue mfano ambao mwanafunzi wa fizikia anaweza kuukokotoa mwenyewe. Mhimili una kipenyo cha milimita 150, unazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na kani ya msokoto ni newtoni-mita 10,000. Nguvu ipitayo humo ni mara mbili ya pai, mara 5, mara 10,000, nayo ni wati 314,000, au kilowati 314. Katika urefu wa mita 2 mhimili huo utasokoteka kwa pembe ya digrii 0.3 hivi. Jicho haliwezi kuiona pembe ndogo kiasi hicho, lakini nyuzi nyembamba za metali zilizogundishwa juu ya mhimili huihisi: zikinyooshwa, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Kwa kuwa mhimili unazunguka na waya haziwezi kuufuata, habari hiyo hupelekwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kifaa kilicho kando, na fundi huisoma kama asomavyo saa.

Injini nzuri ya dizeli ya ukubwa huo hutumia gramu 200 hivi za mafuta kwa kila kilowati moja kwa saa. Basi kilowati 314 zitataka kilo 63 kwa saa, ambazo ni lita 75 hivi. Tuseme kwamba kwa nguvu hiyo meli yetu ya mfano, ikiwa mpya, huenda maili 10 za bahari kwa saa.

Sasa tuiache ifanye kazi kwa miaka miwili, kisha tuirudie. Inakwenda mwendo ule ule wa maili 10, kwa shehena ile ile, lakini inakunywa lita 90 kwa saa. Mwenye daftari la safu mbili atasema injini imechoka, au kuna mwizi. Mwenye vipimo vitatu atautazama mhimili kwanza. Akikuta unapitisha kilowati 377, atajua kwamba injini haina kosa, kwani nguvu imeongezeka kwa moja ya tano kama mafuta yalivyoongezeka. Kosa liko nje: tumbo la meli limeota uchafu na kutu, au mabawa ya rafadha yamepinda au kulika. Dawa yake ni kuipandisha meli chelezoni, kuikwangua na kuipaka rangi. Lakini akikuta mhimili bado unapitisha kilowati 314 zile zile, basi meli ni safi na injini ndiyo igonjwayo: pengine nozeli zinamwaga mafuta badala ya kuyanyunyiza, au chujio la hewa limeziba. Na akikuta kwamba nguvu ya mhimili ni ile ile, na mita iliyo karibu na injini yaonyesha lita 75 zile zile, ilhali tangi kuu limepungukiwa na lita 90 kila saa, hapo ndipo itakapofaa kuulizana nani kachota, au bomba gani linavuja.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi namba tatu zinavyotenganisha mambo ambayo namba moja huyachanganya. Kuifungua injini nzima ilhali kosa ni uchafu wa tumbo la meli ni sawa na kumpasua mgonjwa wa malaria. Na kumfukuza fundi mwaminifu kwa sababu ya kutu ni dhuluma.

Maji hayasamehe

Maarifa haya si mageni kwetu kama yanavyodhaniwa. Mafundi wa majahazi wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, walikuwa wakikipweleza chombo wakati wa maji kupwa, wakaukwangua ubavu wake, kisha wakaupaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Walijua kwamba chombo kilichoota uchafu chini ni kizito, hata tanga likijaa upepo. Walichokosa ni namba za kuonyesha ni kizito kiasi gani.

Namba hizo zilianza kutafutwa kwa utaratibu na Mwingereza William Froude. Mwaka 1872 alikamilisha huko Torquay hodhi refu la maji, ambamo aliburuta mifano midogo ya meli na kupima ukinzani wa maji. Mwaka 1883 kiwanda cha William Denny kilijenga hodhi la namna hiyo huko Dumbarton, Uskoti, na hodhi hilo bado lipo. Nilipokuwa Glasgow nikisomea shahada ya udaktari nililizuru mara kadhaa. Maji yake ni meusi na kimya, na urefu wake wakaribia mita 100. Glasgow ndiko kilikokuwa kiwanda cha Yarrow kilichoiunda meli yetu Victoria, ambayo vipande vyake vilisafirishwa hadi Kisumu, vikaungwa, na meli ikaanza kazi ziwani mwaka 1961.

Jambo kubwa lionekanalo katika mahodhi hayo ni hili: ukinzani wa maji huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha mwendo, na kwa hiyo nguvu itakiwayo huongezeka takriban kwa kipeo cha tatu. Turudi kwenye meli yetu ya mfano, inayosafiri maili 90. Kwa maili 10 kwa saa itatumia saa 9 na lita 675. Nahodha akipunguza mwendo uwe maili 9 kwa saa, safari itakuwa ya saa 10, na nguvu itashuka hadi asilimia 73 ya ile ya kwanza. Mafuta ya safari nzima yatakuwa lita 547 hivi. Saa moja ya subira imeokoa lita 128, karibu moja ya tano. Baada ya mwaka 2008 makampuni makubwa ya meli duniani yalipunguza mwendo wa meli zao kwa hesabu ya namna hii hii. Sisemi kila meli yetu ipunguze mwendo, kwani abiria naye ana haki ya kufika mapema. Nasema kwamba anayeamua ratiba anapaswa kuijua bei ya saa moja.

Kipimo cha siku ya kwanza

Nafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kipimo hakina maana mpaka kilinganishwe na kingine. Lita 90 ni nyingi au chache? Haiwezekani kujibu mpaka ijulikane zilikuwa ngapi meli ilipokuwa mpya, safi, na injini yake haijachakaa. Siku hiyo ya kwanza huja mara moja. Ikipita bila kupimwa haitarudi, na meli itaishi miaka 30 au 50 bila mtu kujua afya yake ilikuwaje.

Katika miaka hii nchi yetu imekuwa ikipata siku za kwanza nyingi. Victoria ilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2020, pamoja na kutiwa injini mpya. MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na iliyojengwa kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023. Kila meli mpya, na kila meli itokayo chelezoni, ni daftari jeupe lililofunguliwa. Ninachouliza ni nani anayeliandika, na litawekwa wapi ili mhandisi wa mwaka 2050 alione.

Pengine mtu atasema kwamba mtengenezaji wa injini huleta vyeti vya majaribio ya kiwandani. Ni kweli, na vyeti hivyo vina manufaa yake. Lakini havitoshi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa moja ya nane hivi kuliko pwani. Injini ivutayo hewa hiyo hupata oksijeni kidogo zaidi, na hata ile yenye kipuliza hewa huhitaji kurekebishwa. Tena maji ya ziwa ni matamu, na ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hivyo meli huzama chini kidogo zaidi. Kuna upepo wake, kuna gugumaji, kuna vina vifupi karibu na bandari. Kipimo cha Ulaya hakiwezi kuwa shahidi wa Mwanza. Sharti tupime hapa.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni gharama. Kifaa cha kupimia msokoto wa mhimili si cha bei rahisi, hasa kwa chombo kidogo. Lakini kabla ya kukinunua yapo mengi yawezekanayo kwa vitu tulivyo navyo: saa, kijiti cha kupimia tangi, kihesabu mizunguko, alama za kuzama zilizochorwa ubavuni mwa meli, na simu yenye kupokea ishara za setilaiti ili kujua mwendo. Setilaiti huonyesha mwendo juu ya ardhi, si ndani ya maji. Kwa hiyo meli ipimwe ikienda na ikirudi katika njia ile ile, kisha ichukuliwe wastani wa mwendo. Kama inakwenda kwa 11 na kurudi kwa 9, mwendo wake halisi ni 10 hivi. Lililo la lazima ni kwamba vipimo vichukuliwe kwa namna moja, katika hali ya hewa inayofanana, na shehena iandikwe kila mara.

Pingamizi ya pili ni ya kisheria. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini liliweka tangu mwaka 2013 mpango wa lazima wa kusimamia matumizi ya nishati, na tangu mwaka 2023 meli kubwa hupewa daraja kila mwaka kulingana na hewa ya ukaa zinazotoa. Upo pia utaratibu wa kimataifa wa kupima kuchakaa kwa tumbo la meli na rafadha, uliotolewa mwaka 2016. Lakini masharti ya Shirika hilo yanahusu meli za safari za kimataifa baharini. Vyombo vya ndani ya maziwa yetu havibanwi nayo. Mimi naona kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kujibana wenyewe. Anayepima kwa kuogopa mkaguzi huandika namba za kumfurahisha mkaguzi. Anayepima kwa faida yake huandika kweli.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila meli ya umma, iwe mpya au itokayo chelezoni, ipimwe katika ziwa lake kwa miendo minne au mitano tofauti kabla ya kuanza kazi, na nakala ya vipimo hivyo iwekwe katika chuo au taasisi ya utafiti, si kwenye kabati la ofisi moja peke yake. Pili, batli ya meli, yaani lile daftari la safari, iwe na ukurasa mmoja wa namna moja kwa vyombo vyote: lita, mizunguko, nguvu ya mhimili pale kifaa kilipo, mwendo, kuzama kwa meli, na upepo. Tatu, meli ipandishwe chelezoni namba zinaposema imechafuka, pamoja na kufuata kalenda ya ukaguzi wa usalama, ambayo haina mbadala. Isingojewe ivunjike.

Historia yetu wenyewe inatufunza faida ya kumfikiria mtu ajaye. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma kwa reli ya kati vipande vipande. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nene. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa injini zile zile. Mafundi wale waliacha ulinzi kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Sisi twaweza kumwachia daftari.

Jibu kwa kijana wa Buigiri

Sasa namrudia yule kijana. Uwanda wa Dodoma uko kwenye kimo kinachokaribia kile cha Ziwa Victoria. Mashine ya dizeli isagayo mahindi na uwele kijijini hupumua hewa nyepesi kama ile ipumuliwayo na injini ya meli kule Mwanza. Nayo ina vituo vitatu vile vile: mafuta yaingiayo, mkanda uzungushao jiwe, na debe za unga zitokazo. Mwenye mashine akiandika kila jioni lita na debe, siku debe zitakapopungua kwa lita moja atajua kuna ugonjwa kabla mashine haijasimama. Ndivyo ilivyo hata kwa pikipiki: andika kilometa na lita kwa siku 30, kisha jaza upepo magurudumu yaliyolegea uone namba zinavyobadilika.

Na walimu wa fizikia wasiseme kwamba somo la meli halifundishiki pasipo ziwa. Chukueni mfereji wa bati wa kukingia mvua, wenye urefu wa mita 3, mzibe ncha zake na kuutia maji. Wekeni humo kipande cha mti kilichochongwa kama mashua, kifungwe uzi upitao juu ya kapi na kuning'iniza kizani. Pimeni muda wa kupita mita ya mwisho. Kisha ongezeni uzito uwe mara nne: mwendo utakaribia kuwa mara mbili, na nguvu, ambayo ni kani mara mwendo, itakaribia kuwa mara nane. Baadaye gundisheni kitambaa cha gunia chini ya mashua, mpime tena, nanyi mtaiona hasara ya uchafu kwa saa ya mkononi. Jaribio likiisha maji yasimwagwe ovyo. Miche ya bustani ya shule inayangoja.

Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hivyo mara moja hatadanganywa na daftari la safu mbili. Siku moja pengine yeye ndiye atakayekaa ofisini Mwanza au Kigoma akiamua meli ipi ipandishwe chelezoni na fundi yupi aaminiwe. Ndiyo sababu meli zinamhusu, hata akiwa amezaliwa mahali ambapo mto ni mchanga.